Kwangu Hatusemi "Chukua"

Wateja wapya hunishangaa tukifika mwisho wa bei. Mtu amebishana nami robo saa nzima, ameondoka mara mbili na kurudi mara mbili, ameapa kwa mama yake kwamba mfukoni imebaki nauli tu, nami nimeapa kwa wangu kwamba bei hiyo sijamuuzia hata ndugu wa damu. Tukikutana katikati anasubiri nitamke lile neno ambalo kila muuzaji wa Tunduma hulitamka akishakubali: haya, chukua. Mimi nasema, "Haya, beba." Mmoja aliniuliza kama ni masharti ya mganga. Nikamwambia ni masharti ya mbwa. Akahesabu chenji yake upya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa na Tunduma nzima ilikuwa inavusha kitu: sukari inakwenda, blanketi zinarudi, mahindi yanakwenda kokote yanakotakiwa. Malori yalikaa foleni mpaka madereva wakajuana na watoto wa mtaa kwa majina. Mimi niliuza viatu vya mtumba. Nilikuwa nimeshuka kutoka milimani Ileje na Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kindali, wateja wakanidhania mshamba, nami sikuwa na haraka ya kuwasahihisha. Mtu akikudhania mshamba hutaja bei yake ya kweli mapema.

Nilipanga chumba na stoo kwenye ua mmoja nyuma ya barabara kuu, upande wa kwenda Mpemba. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kinyamwanga, mama wa makamo, mfupi, aliyeweza kukaa kibarazani na kujua nani kaingia na nini bila kugeuza shingo. Mpangaji mwenzangu alikuwa muuza vitenge kutoka Kondoa, Mwislamu wa swala tano, mrefu, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapokukatalia. Halafu kulikuwa na mbwa.

Mbwa alikuwa na rangi ya vumbi la Tunduma, kwa hiyo hakuna aliyejua lini ni mchafu. Jina hakuwa nalo. Mama mwenye nyumba alimwita "wewe", na ukimwita mtu yeyote "wewe" pale uani walikuja wawili. Usiku alifunguliwa alinde. Mchana alifungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, na hapo alizunguka mpaka ardhi ikafanya mfereji. Alibwekea malori, akabwekea moshi wa malori, na pasipokuwa na lori alibwekea kitenge kikipepea.

"Mama, huyu kichwa kinamuuma," nilimwambia mwenye nyumba siku moja.

"Mbwa ni kufuli lenye meno," akanijibu. "Umeona wapi kufuli linabembelezwa?"

Jioni moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta kufuli limejifungua. Kamba ilikuwa imetafunwa, mlango wa stoo umesukumwa, na belo langu la viatu, nililolifungua siku ile ile, limetawanywa mpaka jikoni. Angekuwa na adabu angekula jozi moja akamaliza. Yeye alipita jozi baada ya jozi akatafuna kiatu kimoja kimoja, akaacha cha pili kizima. Nilihesabu, nikarudia, maana mimi huhesabu mara mbili. Si kwamba siwaamini watu, siuamini mkono wangu wa kwanza. Viatu saba, vyote vya mguu wa kushoto. Nikabaki na saba vya kulia, vizima, vinang'aa, visivyo na faida kwa mtu yeyote.

Mama mwenye nyumba alikuja, akatazama, akashika kiuno.

"Mwisho wa mwezi anaondoka," akasema. "Mtoto wa kaka yangu anachimba dhahabu Mkwajuni. Siku nyingi ananiomba mbwa wa kulinda duara lake. Nampa huyu."

Nilipaswa kushukuru. Lakini Mkwajuni nilikuwa nimeshafika kuuza viatu, na duara, yaani mashimo yao ya dhahabu, niliyaona. Niliwaona na mbwa wanaoyalinda: kamba fupi, jua kali, na hakuna anayewatazama mpaka siku wanapoacha kubweka. Sikuwa mtu wa kuwapenda mbwa. Kwetu mbwa alikula kilichobaki na kulala nje, basi. Ila jioni ile nilipokuwa naokota viatu, huyu alikuwa amelala karibu na nguzo, kidevu juu ya kiatu alichokitafuna, akanitazama kama mteja anayejua amekosea lakini bado anataka tuendelee kuzungumza. Nami mteja wa namna hiyo sijawahi kumfukuza.

Nikamwambia jirani wa Kondoa kwamba mbwa kapata safari. Alikuwa anakunja vitenge. Akatikisa kichwa.

"Dada, huyo si mkorofi. Huyo hana kazi. Umewaona makuli pale mpakani mzigo usipoingia siku mbili? Wanafanyaje?"

"Wanapigana."

"Siku mzigo ukiingia?"

"Wanabeba, wanakula, wanalala."

"Ehe. Mpe mzigo."

"Mbwa abebe mzigo gani, kaka?"

"Wa kichwani," akasema. Hakucheka, kwa hiyo nikajua ameshaliwaza jambo hilo siku nyingi.

Sasa jirani huyu hakumgusa mbwa. Dini yake ilimwambia mate ya mbwa ni najisi, naye alilifuata hilo kama alivyofuata mita kwenye kitambaa, bila kuzidisha na bila kupunguza. "Kati yangu na yeye kuna mpaka," alipenda kusema, "kama huu wetu wa barabarani. Mzigo unavuka, mwenyewe havuki." Ila alikuwa na mti wake wa kupimia vitambaa, mrefu, laini, wenye alama za mita, na kwa mti huo aliweza kufanya mengi akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

Siku ya kwanza aliniambia nilete vile viatu saba vya kulia. Tukavipanga mstari uani. Mimi nikaweka kichwa cha dagaa ndani ya kimoja, mbwa akiwa amegeuzwa upande wa choo. Kisha jirani akavisukuma kwa mti wake, hiki huku, kile kule, kama wale vijana wa karata tatu pale stendi ambao nami walinila siku yangu ya kwanza mjini. Nikamlegezea mbwa kamba.

Alivirukia viatu vyote kwa pamoja. Akavipindua, akakanyaga, akatia mdomo kwenye kisicho na kitu, akabweka.

"Huyu hajui hata kununua," nikasema.

"Subiri. Hata wewe stendi ulianza hivyo hivyo."

Sijui nani alimwambia habari za stendi.

Tukarudia jioni iliyofuata, na nyingine. Ikafika jioni alipokuja taratibu, akanusa kiatu cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba, kisha akarudi mwanzo akanusa vyote tena, ndipo akaweka mguu juu ya kimoja akanitazama. Ndicho. Alikuwa amehesabu mara mbili. Kuanzia siku hiyo nilimheshimu, na alikuwa wa kwanza Tunduma kuushinda mchezo ule bila kushirikiana na wachezeshaji.

Mchezo wa pili ulikuwa wangu, na ndio uliotuletea neno. Nilitaka ajue kungoja. Lakini maneno ya kumfundishia mbwa sikuwa nayo. Kutwa nzima mdomo wangu ulikuwa sokoni, ukifika nyumbani jioni ulikuwa na maneno ya sokoni tu. Niliweka tonge la ugali kwenye kiganja, akaja kwa pupa, nikasema nilichozoea kumwambia mteja mwenye pupa: "Bado!" Akasimama, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Akasogeza pua. "Punguza!" nikasema, nikimsukuma kifuani. Akarudi nyuma hatua. Tukabishana hivyo, bado, punguza, bado, mpaka alipotulia, masikio mbele, udenda ukining'inia. Ndipo nikasema kama ninavyosema bei ikifika, "Haya, chukua." Akalipokea tonge kwa midomo tu, bila jino.

Baada ya wiki chache ungeweza kuweka kitu popote, kwenye kigoda, kwenye beseni, mkononi mwa mtu. Alingoja. Ukisema neno, alikwenda akakitwaa kwa ulaini ule ule. Ukisema "punguza" alikitua chini na kurudi nyuma.

Jirani alikuwa upande wa pili wa mpaka wake, mti mkononi, akicheka kwa mabega. Siku moja mbwa alishinda mchezo wa viatu kwa haraka mno, furaha ikamzidi, akakimbia akamlamba mguu. Jirani alinyanyuka kama aliyekanyaga moto. Akaosha mguu mara saba, mojawapo kwa udongo, kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa nahesabu kutoka kibarazani. Nikamwambia nimepata sita. Akaongeza mbili.

Mama mwenye nyumba aliyaona yote bila kugeuza shingo.

"Mmefungua shule uani kwangu?"

"Shule isiyo na ada, mama," nikamjibu.

"Basi haina walimu."

Lakini hata yeye aliona. Mchana mbwa alikuwa anakaa. Mfereji kuzunguka nguzo ukaanza kujaa vumbi. Lori likipita alifungua jicho moja, akalifunga. Tulipomaliza kucheza jioni, robo saa tu, hata chai haijapoa, alijitupa ubavu akalala usingizi wa makuli baada ya lori la saruji, miguu ikikimbia ndotoni. Hakugusa kiatu kingine. Stoo niliiacha wazi kwa makusudi, nikahesabu jozi zangu asubuhi na jioni, zikatimia.

Nikamwendea mama. "Mama, mbwa amepona. Mwache abaki."

"Neno nimeshalitoa, mwanangu. Kwa ndugu. Nitasemaje, nilimpa halafu alipokuwa mzuri nikamnyima?"

"Hata kidogo hatuzungumzi?"

"Wewe kila kitu unataka kukizungumza. Ngoja aje, aone mwenyewe."

Nikashikilia hapo. Aone mwenyewe. Nikafikiri: mama akiona mbele ya mgeni mbwa wake alivyo, moyo utagoma kumtoa. Nilijiona mjanja kweli.

Mtoto wa kaka yake alifika asubuhi moja kwa pikipiki, kapita Galula, amekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga tenga la kuku, kubwa, la kumtia mbwa. Mama akamkaribisha kibarazani, akampa chai na viazi. Jirani alikuwa mlangoni kwake anapima vitenge. Mimi nilimfungua mbwa kamba makusudi, nikamwambia "bado", akalala katikati ya ua kama mtu mwenye nyumba.

Mara akaingia mteja wangu kutoka upande wa pili, mama Mzambia mnene, mcheshi, aliyekuwa akija kununua viatu kwa jumla akauze kwao. Mkononi alikuwa na mfuko wa samaki wakavu. Akatazama rundo nililomtengea, akanyanyua jozi moja kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Shinga?" akauliza, yaani bei gani.

Nikamtajia.

"Awe, mayo! Hapana, mama! Hivi viatu vimeshatembea kutoka Ulaya kwa miguu."

"Ndiyo maana ni imara."

"Soli inacheka."

"Inakufurahia wewe."

Akaondoka hadi getini. Akarudi. Nikapunguza kidogo. Akaongeza kidogo. Akaondoka tena, akarudi tena, na safari hii alikuja na tabasamu, nikajua tumefika. Nilikuwa nimezama katika bei kiasi kwamba mbwa nilikuwa nimemsahau kabisa. Nikapiga kofi mkono wake, nikasema kwa sauti ya kufunga kazi:

"Haya, chukua!"

Mbwa akanyanyuka. Akatembea, hakukimbia, akamfikia yule mama, akautwaa mfuko wa samaki mkononi mwake kwa ulaini kama anayepokea mtoto.

Kelele aliyopiga yule mama nadhani walisikia forodhani. Viazi vya kibarazani vilimwagika.

"Bado!" nikapiga kelele. Mbwa akasimama kama nguzo, mfuko mdomoni. "Punguza!" Akautua chini taratibu, akarudi nyuma hatua moja, mbili, akakaa.

Yule mama akaokota mfuko wake, akauchungulia, akahesabu samaki. Walikuwa wote. Akanitazama, akamtazama mbwa, akaanza kucheka mpaka akaegemea rundo la viatu.

"Mayo, mbwa wako naye ni mfanyabiashara! Lakini hofu hii niliyoipata, nayo ina bei yake."

Nikampa kamba za viatu jozi tatu. Alitaka tano.

Ndipo nikageuka kibarazani nikiwa nimejaa ushindi. Mama mwenye nyumba alikuwa ameinua kidevu, anajivuna kama aliyemzaa mbwa yule mwenyewe. Mpango wangu ulikuwa umefanikiwa. Ila mtoto wa kaka yake naye alikuwa amesimama, chai mkononi, macho yanang'aa kama aliyeona mwamba wenye dhahabu.

"Shangazi, hukuniambia kama mbwa ana akili namna hii!"

"Huyo? Huyo anaelewa kila kitu," mama akasema. "Ni zawadi hiyo nakupa, mwanangu, usifikiri nakutupia takataka."

Nimeuza vitu tangu nikiwa na urefu wa meza ya genge. Najua kabisa kwamba kitu usichotaka kiuzwe unakiweka chini, unakifunika gunia, mtu akikiuliza unasema kina kasoro. Mimi nilikuwa nimekipangusa, nikakigeuza upande mzuri, nikakiweka mbele ya mnunuzi, tena nikamwonyesha kinavyofanya kazi. Mbwa mjinga mama angeweza kuona aibu kumpa ndugu. Mbwa hodari ilikuwa heshima yake kumpa.

Jirani hakuinua macho kutoka kwenye kitenge. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Dada. Ishushe bei."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na mgeni.

"Kaka, hongera. Mbwa mzuri sana huyu. Sasa nikuulize kitu, kule duara mnaongeaje?"

"Tunaongeaje vipi? Kiswahili, kama hapa."

"Nina maana kazini. Mwenzako yuko chini shimoni, unataka kumpa sululu. Unamwambiaje?"

"Si namwambia tu, chukua sulu..."

Mbwa alishanyanyuka. Mgeni alikuwa ameweka kofia yake gotini. Mbwa akaja, akaitwaa, akasimama nayo mbele yake akingoja shukrani.

"Punguza," nikasema. Kofia ikatua, na mate kidogo. "Na karai la udongo likishajaa, unamwambiaje wa juu?"

Mgeni akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema tu, kaka."

"Nasema... neno hilo hilo."

"Na mfuko wa mawe, ule wenyewe wa dhahabu, ukitaka mwenzako aupeleke kwenye kusaga?"

Akamtazama mbwa. Mbwa akamtazama yeye, masikio mbele, tayari kwa kazi.

"Si tutamfundisha upya?"

"Anafundishika," nikasema. "Sikatai. Mimi amenigharimu viatu saba. Wewe kule una vitu gani vya kutafunwa?"

Jirani akakohoa. "Na mwizi," akasema, bado anapima. "Mwizi naye akija shimoni na wenzake, wataambizana nini?"

"Chukua huu, nachukua ule," mama mwenye nyumba akasema kabla hajajizuia, na mbwa akageuka akaondoka na kitambaa cha meza, vikombe vikaanguka.

"Atawasaidia kubeba," nikasema.

Mama alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa ajili ya mgeni, akashindwa, akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakitetemeka. Mgeni hakucheka. Alisimama katikati ya ua, akanyoosha kidole kwenye geti, akasema kwa sauti ya kiume, "Kamata!" Mbwa akakitazama kidole, akatikisa mkia. Akajaribu kwa Kinyamwanga. Mkia ukaongezeka.

"Hajui hata kukamata?"

"Hatukumfundisha," nikasema, na hapo nilikuwa nasema kweli tupu. "Biashara yetu hapa haikamati mtu. Inangoja tu mpaka akubali."

Aliizunguka pikipiki yake, akagusa tenga, akamtazama mbwa tena. Niliyajua macho yale. Ni macho ya mteja anayetafuta njia ya kuondoka bila kuonekana ameshindwa. Mteja wa namna hiyo unampa mlango, humpi hotuba. Nikaanza kuokota vikombe. Jirani akarudi kwenye vitenge vyake. Hata mbwa alilala.

"Shangazi," mgeni akasema mwisho, "huyu nakuachia. Wewe ni mjane, unahitaji ulinzi. Mimi nipe kuku tu."

Akaondoka na majike wawili. Tenga likarudi kwenye kazi yake.

Mama alisimama getini mpaka sauti ya pikipiki ikaishia barabarani. Kisha akageuka akaninyooshea kidole.

"Wewe!" Tukaja wawili. "Kuku wangu wale nitawakumbuka. Na kuanzia leo neno lile lisisemwe ndani ya ua wangu. Vikombe vyangu havitoki kiwandani kila siku."

Ndivyo lilivyokufa neno. Kwa siku za mwanzo nilijing'ata ulimi. Mteja mmoja nilimaliza naye bei nikabaki nimefungua mdomo kama samaki, yeye akidhani nimebadili mawazo, akaongeza hela. Nikafikiria kulifanya jambo hilo kuwa mtindo, lakini jirani akaniambia hiyo ni dhuluma. Tukajaribu "pokea", ikawa kama kanisani. Tukajaribu "twende", wateja wakaondoka kweli. Mwisho tukakubaliana na "beba". Mama alisema beba, jirani alisema beba, wapangaji waliokuja baadaye waliambiwa siku ya kulipa kodi: maji yapo, choo kipo, na humu tunasema beba. Neno lile lingine tulilitunza kwa ajili ya jioni, kwa mbwa peke yake.

Tulicheza miaka. Dagaa akipanda bei tuliweka ukoko wa ugali. Jirani alivumbua mchezo wa kufunga chakula kwenye mabaki ya vitenge, fundo ndani ya fundo, mbwa akikaa nalo nusu saa akilifungua kwa meno ya mbele, mvumilivu kama fundi saa. Watoto wa mtaa walikuja kubashiri kiatu. Mama mwenye nyumba alidai hapendi mambo yale, lakini nilimkuta siku moja yuko peke yake uani, amepanga viatu saba, na hakuweka dagaa hata katika kimoja. "Nataka nione atasemaje," akaniambia. Mbwa alinusa vyote, akarudia vyote, akaenda akakaa mbele ya mfuko wa aproni yake. Humo ndimo dagaa alimokuwa.

Jirani alihamia Mbeya, biashara ilimwita huko. Siku ya kuondoka alisimama mbali kidogo na mbwa kama kawaida, wakatazamana juu ya mpaka wao. Kisha akaulaza mti wake wa kupimia kwenye kibaraza changu, akasema dukani kwake atanunua wa chuma. Nikamwambia wa mbao una thamani, aniambie bei. Akasema, "Beba, dada."

Mbwa alizeeka. Pua ikawa nyeupe, macho yakaingia ukungu kama asubuhi za Juni pale kwetu. Alipokuwa haoni vizuri tulipunguza viatu, saba vikawa vitano, vitano vikawa vitatu. Alichelewa, lakini hakukosea mara nyingi, na hakuwahi kuacha kurudia. Mama naye alikuwa amezeeka, akikaa kwenye kigoda cha jirani, mti ule mkononi, akivisukuma viatu polepole ili wote wawili wapate muda wa kufikiri.

Mbwa alipokufa tulimzika nyuma ya jiko, karibu na uzio, mahali ambapo jua la asubuhi hufika. Mama alitaka tumzike na viatu vyote saba. Nikamwambia kimoja kinatosha. Akanitazama kwa namna yake. Nikaenda nikavileta vyote.

Kesho yake akaja mteja, kijana, mbishi wa kiwango cha juu, tukapigana bei mpaka chai ya mama ikapoa kibarazani. Tukafika. Nikampiga kofi la mkono. Nikasikia mama nyuma yangu akisema, taratibu, bila kugeuza shingo:

"Sasa unaweza kulisema, mwanangu."

Kijana alikuwa amenyoosha mkono juu ya viatu vyake, anangoja. Nikaitazama nguzo ya kamba ya kuanikia. Mfereji ulikuwa umejaa vumbi siku nyingi, umeota nyasi.

"Haya," nikamwambia. "Beba."